Maji Yamechemka, Ugali Uko Wapi?

Nakumbuka alasiri moja hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, mwanangu, jua limewaka hata mbwa wamelala chini ya magari, shangazi yangu Mwajuma alipotoka jikoni na mwiko mkononi, akaja akasimama mbele yangu na gitaa langu, akaniuliza swali. Swali lenyewe nitakuambia, usinisukume. Mzee akianza hadithi hupita njia ndefu, kwa sababu miguu yake inaijua.

Nimeikumbuka habari hii kwa kuwa nakusikia. Ukuta wa chumba chako na changu ni tofali moja tu. Mwezi uliopita ulikuwa unasoma jazi kwa yule mwalimu wa kwenye simu mwenye kofia. Kabla ya hapo alikuwa mwingine. Wiki hii nasikia mama mmoja anayecheka sana, na wewe umerudi tena kwenye somo la kwanza. Jana ukamwambia mama yako kwamba umechoka, jazi ina watu wake, gitaa apewe mwingine. Sikukucheka, mwanangu. Basi, nilicheka kidogo, lakini kwa mapenzi, maana nilijisikia mimi mwenyewe ukutani.

Wakati ule nilikuwa kijana wa kunyoosha bodi za magari kwenye gereji. Gitaa nililipata kwa ami yangu, aliyepiga katika bendi ya dansi enzi zake. Aliporudi kutoka Makka hakutaka tena kuliona chumbani, na kulichoma moyo ulikataa. Akaniita, akanikabidhi huku anaangalia pembeni, akasema, "Mi sijakupa kitu." Kisha akaenda zake kusali.

Kitabu kilikuwa cha Deo. Deo alikuwa rafiki yangu wa Kamenge, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, mcheshi, mwenye vidole virefu kuliko akili zake, ndivyo nilivyomtania. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, jalada limeshatoka, kinafundisha gitaa la jazi hatua kwa hatua. Nasema jazi kweli, siyo zile bendi zetu za zamani ambazo zikishapata tarumbeta moja tu zinajiita jazi. Tulikuwa na kaseti moja, tulimsikia mtu akipiga polepole, kila sauti ikigeuka kidogo mahali usipotegemea, tukasema hii ndiyo tunayoitaka. Hapakuwa na wa kutufundisha, kwa hiyo kitabu kikawa ndiye mwalimu. Tulikubaliana hivi: kila Jumapili akitoka kanisani nitamfuata Kamenge na gitaa, na hatutafungua ukurasa mpya kabla sote wawili hatujaupiga ule wa zamani. Mimi nilikuwa mvivu, yeye alikuwa na haraka, lakini sharti lile lilitutosha wote.

Kisha vita vikatukata. Njia ya Kamenge ikawa haipitiki, watu wa mtaa ule wakawa wanalala na viatu. Asubuhi moja Deo alikuja gereji, kitabu amekificha ndani ya shati.

"Sha, rafiki yangu, tunaondoka," aliniambia. "Baba anataka tuvuke Kongo. Kitabu tukigawanye."

"Tukigawanye namna gani?"

Akakishika kwa mikono miwili, akakipasua mgongoni, katikati kabisa. "We chukua mwanzo. Mi nachukua mwisho."

"Lakini we huna gitaa. Mwisho utaufanyia nini?"

"Nikikuachia yote, hautanitafuta," alisema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Alinishika bega, akaondoka, na baadaye nikasikia wamepita Uvira, kisha wako kambini Tanzania. Basi habari zikaishia hapo.

Nikaitazama nusu yangu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na zoezi la akordi tatu, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ya kwanza Re ndogo. Ya pili Sol ya saba. Ya tatu ilikuwa ukurasa unaofuata, na ukurasa huo alikuwa nao Deo. Sasa hata wewe unajua Sol ya saba ilivyo. Ukiipiga ukanyamaza, kila aliye karibu anageuza kichwa, kama mtu amesema "basi nikamwambia..." halafu akafunga mdomo.

Sisi watu wa Bujumbura miaka ile tulikuwa mabingwa wa kuanza upya. Kibanda kikiungua, unaanza. Ukikimbia Kinama, ukirudi ukakuta mlango umeng'olewa, unaanza. Tulisifiwa kwa hilo, na kweli ni sifa, wengi wangekata tamaa. Lakini mkono uliozoea kuanza husahau kumaliza. Nami nikawa hivyo na gitaa. Kila tulipojifungia ndani kwa sababu ya risasi, au tulipokimbilia kwa ndugu tukarudi, nikilishika tena nilifungua somo la kwanza. Nilijiambia kwamba masomo yana heshima yake, msingi ukitikisika unajengwa tena. Ukweli ni kwamba niliuogopa ule ukurasa wa mwisho. Nikiufikia, Sol itabaki inaning'inia, nami nitajua kwa masikio yangu kwamba Deo hayupo.

Uani kwetu kila mtu alilijua somo la kwanza. Fundi cherehani wa mlango wa pili alilipiga mluzi akishona. Watoto waliruka kamba nalo. Mwanzo wa ngoma ni lele, wazee walisema, lakini uani kwetu ngoma yote ilikuwa lele.

Ndipo shangazi akatoka na mwiko.

"We mutoto wa kaka yangu," alisema, "mi nikuulize. Kila siku unachemsha maji. Nasikia yanachemka, yanachemka. Bugali tutakula lini?"

"Shangazi, vita inanikatia," nilijitetea. "Mutu akikatiwa si anaanza upya?"

"Nani alisema? Ulipokuwa mudogo tulikimbia, ukaacha chuo miezi mingi. Tuliporudi, mwalimu alikurudisha alifu?"

"Apana."

"Alikuanzisha wapi?"

"Pale niliachiaka."

"Astaghfirullah, sifananishi Qur'ani na hii titi-titi yako. Nakufundisha tu." Akaketi kwenye kigoda, mwiko magotini, sauti ikashuka. "We unamungoja Deo."

Nikajifanya, mwanangu, nakaza waya wa gitaa.

"Mungoje," alisema. "Mi sikukatazi. Lakini mungoje ukiwa mbele. Siku akirudi utamupigia nini? Hii ambayo hata watoto wa kamba wanaijua?"

Akavuta uzi mmoja kwenye pindo la kitenge chake, akauweka katikati ya kurasa, pale niliponyooshea kidole kwamba ndipo mbali nilipowahi kufika. Akatoa na amri. Kila Ijumaa, chakula cha mchana kikishaliwa, atakaa kwenye mkeka nami nitampigia kitu chenye mwisho. Kidogo hakidhuru, mistari miwili inatosha, ila kiwe na mwisho, na kisiwe kile cha Ijumaa iliyopita. Shangazi hakujua nota hata moja, wala hakuipenda jazi. Alisema ni muziki wa mtu aliyepoteza funguo. Lakini alikaa, Ijumaa baada ya Ijumaa, miguu ameinyoosha, anachambua maharage, ananisikiliza.

Usidhani nilipata hamu siku hiyo hiyo. Hamu ni mgeni, mwanangu, huja akitaka. Siku nyingi nilitoka gereji mikono imevimba kwa nyundo, sitaki kuona waya. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na shangazi angekaa na maharage yake, nami nitampa nini? Basi nilikaa baada ya alasiri, nikapiga kipande kimoja tu, nikasogeza uzi mbele kidogo, nikalala. Bandu bandu huisha gogo. Ijumaa moja tulisikia milio ya risasi upande wa Kinama katikati ya zoezi, nikaacha, nikainuka. Shangazi hakuinuka. "Maliza," aliniambia. Nikamaliza, nimekosea karibu kila kitu, akasema, "Haya, sasa tuingie ndani." Siku hiyo nilipiga vibaya kuliko siku zote, na ndiyo ninayojivunia hadi leo.

Uzi ukatembea hadi ukafika pale kitabu kilipopasuka. Re ndogo. Sol ya saba. Na kimya. Niliogopa nitalia, na kweli nililia kidogo, shangazi akajifanya anatafuta jiwe kwenye maharage. Kisha akauliza, "Ijumaa ijayo je? Nilisema kiwe na mwisho."

Nikaanza kuutafuta mwenyewe. Kila somo nililopita lilikuwa limeniachia kitu vidoleni, nikavifuata. Nikajaribu Do, ile ya kawaida anayoijua kila mpiga gitaa wa harusi. Shangazi akakunja uso. "Imefika," alisema, "lakini imefika na hasira." Nikaenda nikarudi nayo wiki nzima. Mwishowe kidole cha shahada kikachoka kukandamiza, nikakiinua tu kukipumzisha, vingine nimeviacha mahali pake, nikapiga. Waya ule ulioachwa huru ukaingia ndani ya Do, ukailainisha.

"Hiyo," shangazi alisema, mkono wenye maharage umesimama hewani. "Hiyo imefika nyumbani."

Sikujua kama ni sahihi. Kitabu hakikuwepo cha kuniambia. Nikaendelea kutoka hapo, na miaka ikaenda.

Deo alirudi amani ilipoanza kusemwa kwa sauti ya kawaida, watu wakawa wanatoka makambini na mafurushi yao. Aliingia uani akiwa amekonda, ana ndevu, nikamtambua kwa vidole. Tulikumbatiana hadi shangazi akasema tutavunjana mbavu. Tulipotulia nikamwuliza nusu yake ya kitabu.

"Mvua ya kambi ilikula yote," alisema. "Lakini kabla haijaila, mi nilishasoma. Nilichora waya kwa makaa juu ya ubao. Kila siku napiga ubao."

"Ubao unalia?" shangazi aliuliza.

"Apana, Mama. Unanyamaza tu." Akanigeukia. "We unipigie. Ulifika wapi?"

Mwanangu, fikiri ningekuwa bado niko somo la kwanza. Mtu amepiga ubao miaka yote hiyo, hasikii kitu, anaendelea, kisha anakuja kwangu mwenye gitaa, nami nimpigie wimbo wa kuruka kamba! Kila nikiwaza hilo namwombea shangazi rehema.

Nikachukua gitaa. Nikapiga Re ndogo. Mkono wa kushoto wa Deo ulikuwa juu ya goti lake, nikaona vidole vinajipanga vyenyewe. Nikapiga Sol ya saba, vidole vyake vikahama. Nikaenda Do, ile yangu ya kuokota. Na juu ya goti lile, kidole chake cha shahada kikainuka.

Tukatazamana. Mwisho ule ule aliousoma kwenye ukurasa wake, mimi niliukuta mbele ya shangazi na maharage. Deo alifunga macho, machozi yakaingia kwenye ndevu.

"Kumbe inaliaka hivi," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Shangazi akainuka kwa kushika magoti, akaelekea jikoni. "Bugali imeiva," alisema. "Muje mukule."

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na sitaificha ndani ya methali. Ukikatika, usirudi mwanzo. Maisha yatakukata, kwa mtihani, kwa maradhi, kwa huzuni, na Mungu akuepushe na yale yaliyotukata sisi. Rudi pale ulipoachia, hata kama vidole vimesahau nusu. Chagua mwalimu mmoja, mwenye kofia au mwenye kicheko, umfuate hadi mwisho wake, kwa maana somo huzaa somo, na mtu aliyepanda ngazi kwa utaratibu hufika hata pale ngazi ilipovunjika akajua mguu uende wapi. Usingoje hamu ndipo ushike gitaa. Shika, hamu itakukuta umekaa. Na kila wiki maliza kitu, kidogo, kibaya, chenye mwisho, mbele ya mtu anayekupenda kiasi cha kutosha kukunja uso.

Mola akupe vidole visivyochoka kabla ya moyo, na moyo usiochoka kabla ya wimbo. Akuonyeshe mwisho wa kila ulichoanza, na unaowangoja wakukute mbele. Ijumaa hii, chakula kikishaliwa, nitatandika mkeka nje ya mlango wako. Kando yangu ataketi mzee mwenye ndevu, hatasema neno. Wewe piga, na ukifika mwisho, mtazame mkono wake wa kushoto.