Kamba ya Apolline na vinini vya tansio

Mimi, tonton yake, mujomba wake, nilisoma uuguzi mwaka mumoja na nusu, kwa hiyo musinibishie: mu Kadutu yote hakuna shingo kama ya Apolline. Gunia la mihogo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, anapanda mulima akiimba. Nilikuwa namutania: "Wee, ukianguka utabomoa barabara!" Naye: "Tonton, beba kwanza kofia yako."

Mwaka jana muguu wake wa kushoto ukaanza kuwa baridi. Akipanda kidogo unakaza, anasimama. Dokta akakuta tansio, presha ya damu, iko juu, na mishipa ya muguu imebanana. Akamupa vinini, vidonge vya kumeza: kimoja kila asubuhi.

Sasa musikie ujinga wetu. Kwa wanawake wa mizigo, tansio ni kichwa kuuma, na kichwa chao kinauma kamba ikikaza. Apolline akawa anameza siku ya mizigo tu. Siku ya Mungu hakuna kamba, hakuna kinini. Akaniuliza kama ni vizuri. Mimi, mutu wa masomo, nikajibu: "Kichwa kikinyamaza, tansio imelala. Usiiamushe!" Tukacheka wote.

Mvua ikakata barabara. Wiki tatu mihogo haikutoka Nyangezi. Wiki tatu hakumeza hata kimoja. Kidole kidogo cha ule muguu kikageuka rangi ya makala.

"Nani alikuambia uache?" dokta akauliza.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Apolline. Hakunitaja. Heri angenitaja.

Dokta akachora mushipa kwenye karatasi. Ndani, akasema, kuna ngozi nyembamba kushinda ya kitunguu. Ndiyo inaamuru mushipa ufunguke. Tansio inaiharibu, na damu ikipita kidogo, ile ngozi inaumia zaidi. "Dawa hii haishushi tansio tu, inasaidia ile ngozi kufanya kazi yake. Lakini kila siku, mama. Na nyama ikishakufa, haiifufui."

"Na muguu wangu?"

"Kidole tunakata kesho. Muguu, tutaona."

"Bila muguu nitapanda na nini, dokta?"

Akafunga kalamu yake.

Kidole kilikatwa. Sasa anameza kila asubuhi mbele yangu, halafu nashika ule muguu kwa mikono miwili, nausugua mupaka vidole vyangu vichoke.

"Tonton, muguu umeanza kupata moto?"

Ulimi wangu ulishazoea kujibu mbio. Leo nimesugua tena, nimeupima kwanza kwa kiganja.

"Hapana, mama. Bado uko baridi."

Akavuta kamba yake ya mizigo chini ya muto wa kulalia, akaizungusha mukononi, akakaza kama mutu anayefunga gunia.