Michenza ya Mama na Aibu ya Shina Wazi

Majani ya migomba yakilowa mvua majuma mfululizo hutoa harufu nzito, tamu kidogo, yenye uchachu kwa ndani. Kwetu Mpuguso mvua haijui kupumzika, na hiyo ndiyo harufu niliyokulia. Mwanamke alipimwa kwa shamba lake: ardhi ifunikwe, majani yalundikwe hadi kwenye mashina. Udongo ukionekana, basi, mwenyewe mvivu. Mama yangu hakuwa mvivu hata chembe, na jina hilo aliliogopa kuliko radi.

Katikati ya migomba yake kulikuwa na michenza minne aliyopandiwa na baba yake alipoolewa. Babu alikwisha fariki, na Mama hakuwa na kumbukumbu nyingine yake. Akaitunza kama migomba, maana ndiyo aliyoijua: samadi na majani tele, akiyasukuma kwa mguu mpaka yagande kwenye shina. Masika moja, nikiwa darasa la tatu, magome ya chini yakaanza kupasuka na kutoa utomvu wa rangi ya asali. Sisi watoto tuliubandua tukauchezea. Majani ya juu yakageuka manjano. Mama akaongeza samadi. Maskini!

Bwana shamba alipopita, alifukua kwa fimbo, akakwangua gome. Chini yake palikuwa pameoza, pananuka. "Mama Atu, huu ni ukungu. Mgomba unapenda kufunikwa, ila mchenza unataka shina lipigwe na upepo. Ondoa haya yote, kwangua palipooza, upake mrututu, ile dawa ya buluu, na chokaa." Mama alifanya vyote siku hiyohiyo, mikono imegeuka buluu, huku akiimba.

Lakini michenza ile ilikuwa kando ya njia ya kanisani. Jumapili Mama Lusajo, jirani yetu mwenye ulimi, akasimama: "Ee, Mama Atu! Siku hizi shamba linatembea uchi?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama naye akacheka, ila uso ulimshuka. Kabla jua halijazama alikuwa amerudisha majani yote. Nilipomkumbusha ya bwana shamba, alinikatiza: "Za kuambiwa changanya na zako. Hebu nyamaza." Kufikia masika yaliyofuata yote minne ilikuwa imekauka, na Mama alipoing'oa alilia kwa sauti, akimwita baba yake.

Majuto ni mjukuu. Leo nina michungwa yangu hapa Bulyaga, mashina wazi, mifereji ya kutoa maji, dawa ya kopa ya kuzuia ukungu kabla ya mvua. Inazaa vizuri, na kila nimenyapo chungwa inaniuma kwamba tiba yenyewe haikuwa ngumu. Majirani wananitania vilevile. Juzi Mama, sasa mtu wa mkongojo, alikuja kunitembelea, nikamsimulia wanavyonicheka. Akainama, akapapasa shina moja lisilo na jeraha.

"Waache wacheke, mwanangu," akasema. "Mimi sikuweza."