Usiniletee Kibuyu

Jumanne ile Kokwijuka alikuwa anapinda sketi ya shule, mguu kwenye pedali ya cherehani na mdomo kwa mteja, redio ya duka la jirani iliposema kwamba Kibuyu amefariki. Aliendelea kukanyaga mpaka uzi ukakatika.

"Kibuyu yupi?" aliuliza, kana kwamba nchi hii ina kina Kibuyu wengi.

Alikuwa mmoja tu. Kwa miaka ishirini alikuwa anavunja watu mbavu kwa kuigiza: mara mwalimu mkuu anayesahau majina ya wanafunzi, mara bibi harusi aliyechoka kungoja, mara mlevi anayebishana na mbuzi na kushindwa. Kamachumu walimjua kuliko wengine, maana ndiko alikozaliwa akiitwa Mujuni Kahangwa, mtoto wa Magdalena, nyumba ya nne kutoka kibaraza cha Kokwijuka. Kufikia jioni kila simu pale sokoni ilikuwa inatoa sauti yake. Watu walicheka huku wanafuta machozi, wakaona aibu kucheka, kisha wakafungua video nyingine.

Kokwijuka alijua kwamba kazi imemwangukia. Ukoo wake na ukoo wa kina Kahangwa ni watani tangu enzi za wakama, wafalme wa zamani. Utani ulianzaje, hakuna anayekumbuka. Haki zake wanazikumbuka zote. Akifa mtu wa upande mmoja, mtani wa upande wa pili huja msibani, huvaa nguo moja ya marehemu, hutembea kama yeye na kusema kama yeye, mpaka waliojiinamia wainue vichwa. Katika kazi hiyo Kokwijuka hakuwa na mpinzani. Alipozikwa Ta Rwegasira, alikohoa kile kikohozi ambacho mzee alikuwa anakitoa kila kapu la sadaka likimkaribia, na mjane wake alicheka mpaka wakamshika asianguke. Watu husema ni kipaji. Mwenyewe anasema ni ufundi wa nguo: ukimpima mtu kiuno na mabega kwa miaka thelathini, unamjua kuliko mchungaji wake.

Asubuhi ya Jumatano alikwenda kutoa pole. Magdalena alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho makavu.

"Pole sana, Ma Magdalena, waitu."

"Nimeshapoa, mtani. Jumamosi unakuja?"

"Niache kuja? Umemzaa mchekeshaji mzima, halafu mimi ndiye nichekwe kwa kutofika?"

Magdalena hakucheka. Alimvuta mkono mpaka akamkalisha. "Nisikilize. Tangu jana wananibandika simu sikioni. Jirani ananiletea, wajukuu wananiletea, mwinjilisti naye ananiletea. Wanadhani wananifariji. Yule si mwanangu, yule ni Kibuyu, na Kibuyu ni wa watu wote, wamlie wanavyotaka. Wewe usiniletee Kibuyu. Niletee Mujuni. Nimwone mara moja kabla hawajamfukia."

"Nitakuletea," Kokwijuka akasema, haraka, kama mtu asiyejua ameahidi nini.

Akaja kujua njiani, katikati ya migomba, alipotaka kujaribu mwendo wa Mujuni. Hakuupata. Akajaribu sauti, ikatoka ya yule mwalimu mkuu. Akajaribu mkono, mkono ukajipinda kama wa bibi harusi. Akasimama. Mtoto wa nyumba ya nne, aliyekulia mbele ya cherehani yake, naye hamjui hata anavyosema habari za asubuhi! Jambo hilo lilimuudhi kwanza, kisha likamwingia kama senene aliyeingia ndani ya gauni, hana raha mpaka amtoe. Kuuliza si ujinga. Akaanza kuuliza.

Alianza kwa Kahigi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemfundisha Mujuni miaka saba. "Mwalimu, yule mtoto alikuwa anaongeaje?"

Kahigi alisimama kwa furaha, akatunisha tumbo, akaanza kusahau majina.

"Huyo ni Kibuyu anayekuiga wewe," Kokwijuka alimwambia, "na sasa wewe unamwiga Kibuyu. Mujuni yuko wapi hapo?"

Mwalimu alikaa, akafikiri. "Nadhani alikuwa anakaa dawati la nyuma," alisema hatimaye. Miaka saba, na hicho ndicho alichobaki nacho.

Julius, mnunuzi wa kahawa aliyeimba naye kwaya, alitia chumvi mpaka chakula kikashindwa kulika. Mujuni alikuwa hivi, Mujuni alikuwa vile, kwaya nzima ilikuwa hoi kwa kucheka. Kokwijuka akamuuliza alisema nini hasa cha kuchekesha. Julius akasimulia habari ya mlevi na mbuzi, ambayo kila mtu aliiona kwenye televisheni. Kila mlango aliobisha ilikuwa hivyo hivyo. Alimtaka Mujuni, akapewa Kibuyu, tena na soda juu yake.

Alhamisi akapanda gari la asubuhi hadi Bukoba, kwa Lilian, mdogo wa marehemu, anayeishi Bilele. Ndege inayoleta mwili wa Mujuni ilitarajiwa kesho yake na nyumba ilikuwa imejaa watu wa kamati. Kokwijuka alimkuta Lilian uani anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tayari, akashika kitambaa akaanza kuvifuta.

"Kaka yako alikuwa anakulaje?"

Lilian alishtuka, halafu akacheka kidogo, labda kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Kaka? Alikuwa anakula mara mbili. Akishuka kwenye ndege anakuja hapa, anamaliza sahani nzima ya samaki. Kisha anakwenda kwa Mama. Mama akimuuliza umekula, anatikisa kichwa, hajala. Kila safari. Namwambia, kaka, ipo siku utapasuka. Ananiambia, Mama akipakua chakula ndipo anaongea zaidi."

"Anaongea nini?"

"Mama? Kila kitu. Ng'ombe, kahawa, nani kagombana na nani."

"Na kaka yako anajibu nini?"

Lilian aliacha kikombe ndani ya maji. "Sijui, Ma Kokwijuka. Sikumbuki kumsikia akijibu."

Kokwijuka alihisi kwamba amekanyaga karibu na kitu, ingawa hakujua ni kitu gani. Akaomba nguo ya kuvaa Jumamosi. Lilian alimletea koti la jukwaani, jekundu, lenye vifungo vya kumetameta, ambalo wasanii wenzake walikuwa wamelitanguliza. Kokwijuka akaligeuza nje ndani. Bitana ilikuwa safi, mikono haikuwa na hata mkunjo.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Hili lilivaliwa na kazi. Lililovaliwa na mtu liko wapi?"

Nyuma ya mlango wa chumba cha wageni kulikuwa na koti la kijivu, kuukuu. Mujuni alikuwa analivaa hapo kabla ya kwenda Kamachumu, avue ya mjini, afike kwa mama yake kama alivyoondoka.

Ijumaa, badala ya kushona, Kokwijuka alilitandika koti lile juu ya meza kibarazani, penye mwanga, akalisoma. Fundi hasomi uso, husoma nguo. Mfukoni alikuta punje za akamwani, ile kahawa ya kutafuna, na kipande cha uzi. Kola ilikuwa nzima. Kiwiko cha kulia kilikuwa kizima. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimelika mpaka ukiweka kidole ndani unakiona kwa nje. Alijua viwiko vya makarani, vyote viwili huchakaa kwa meza. Alijua viwiko vya madereva, huchakaa cha kulia, cha dirishani. Hiki kilichakaa nchani tu, pa ukubwa wa kizibo, kama cha mtu anayekiegemeza juu ya kitu chembamba. Na ncha ya mkono huohuo ililainika, ikapata weusi mwepesi wa jasho.

Akalivaa. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka kiwiko mezani, hakikukaa vizuri. Akakiweka juu ya goti. Kiganja chenyewe kikapanda hadi shavuni.

Kumbe alikuwa ameshika tama.

Hapo yote yakamrudia. Benchi lilikuwa hilihili, mwisho wa upande wa ukuta, mtoto wa nyumba ya nne baada ya shule, kiwiko juu ya goti na shavu kiganjani. Wakubwa hawapendi mtoto ashike tama. Ni mkao wa msiba, wanasema unauita. Yeye mwenyewe Kokwijuka alimkemea mara ngapi! "Mujuni, toa mkono shavuni, unataka kumuua nani?" Mtoto anautoa. Cherehani ikienda mishono miwili, mkono umerudi. Na Kokwijuka anaendelea kuongea na wateja, maana kuongea ndiko kulikokuwa kunamletea wateja. Yule bibi harusi aliyechoka kungoja alikuwa mteja wake, aliyecheleweshewa gauni siku nne. Yule mlevi alikuwa anapita hapa kila jioni. Wote walipita mbele ya kibaraza hiki, na aliyekuwa anawatazama alikaa hapa, kimya, na katika miaka yote ile hakuna swali hata moja ambalo Kokwijuka alimuuliza zaidi ya lile la kumkemea. Kokwijuka aliona haya, akiwa peke yake, mbele ya cherehani yake mwenyewe. Iliuma.

Jumamosi Kamachumu ilifurika. Walikuja wasanii wenye miwani myeusi, zikaja kamera, yakafungwa maturubai mpaka kwenye kibanja cha jirani. Saa nne watu walilishwa ebitoke, ndizi za kupika, na nyama, na Kokwijuka, ambaye haunyimi mwili wake chakula kwa ajili ya msiba, alikula sahani mbili. Kabla ya ibada mchungaji akatangaza kwamba mtani ana dakika zake.

Alitoka nyuma ya nyumba na koti la kijivu. Watu wakakaa mkao wa kucheka, simu zikainuliwa. Alibeba kigoda, akakiweka katikati ya uwanja, akakaa, akaweka kiwiko cha kushoto juu ya goti na shavu kiganjani. Basi.

Watu walingoja. Mmoja alitanguliza kicheko, akakirudisha. Mwalimu Kahigi akamnong'oneza jirani yake kwamba leo mtani kashindwa, amefiwa kweli, na mtani kufiwa ni aibu kwa ukoo wake. Lakini Kokwijuka hakuwa analia. Alikuwa anatazama. Alimtazama bwana mmoja anayejipepea kwa ratiba ya mazishi. Aliwatazama wanawake wawili wanaogombea kiti, macho yakimfuata anayesema, nyusi zikipanda kidogo mmoja alipopata jibu zuri. Aliyetazamwa alijisikia kutaka kumweleza jambo. Haikuwa kazi nyepesi. Tangu azaliwe hajawahi kunyamaza muda mrefu hivyo akiwa macho.

Magdalena aliinuka kwenye mkeka. Walitaka kumshika, akawakataa. Akaja polepole mpaka mbele ya kigoda.

"Mkono," alisema. "Toa mkono shavuni."

Kokwijuka akautoa, akauweka mapajani. Akangoja kidogo. Mkono ukarudi.

Magdalena akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliye jikoni kwake, akakaa chini mbele yake.

"Yule ndama amekua, ungemwona," alianza. "Ule mgomba uliopanda karibu na jiko umeangushwa na upepo, lakini ulikuwa na mkungu, tumeula. Mvua imechelewa, kahawa imetoa maua kidogo tu. Kahigi bado anagombana na mdogo wake kwa sababu ya mpaka, watu wazima wale." Kahigi akatazama viatu vyake. Simu zikashuka moja baada ya nyingine, na mchungaji akafunga kitabu kwanza. Magdalena alisimulia habari za nyumba zote mpaka ya nne, akafika kibarazani, akasema fundi wa pale naye haachi kuongea, na Kokwijuka akasikiliza hilo nalo bila kufungua mdomo. Kisha mama akamwangalia usoni.

"Umekula?"

Kokwijuka, mwenye sahani mbili tumboni, akatikisa kichwa.

Chini ya turubai Lilian alijiziba mdomo kwa kanga. Magdalena alikwenda jikoni mwenyewe, akapakua ebitoke na maharage, akarudi na sahani iliyojaa hadi ukingoni. Kokwijuka akala yote, taratibu, na Magdalena akaendelea kuongea.