Koti Lilikuwa Langu, Nikanyamaza

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia katikati ya habari hii. Kwa miaka mingi nimejiita msanii, nikajiita msafiri, nikajiita mtu aliyevunjwa moyo na nchi yake. Uongo mtupu! Nilimharibia mtu maisha kwa picha moja, na nilipoombwa niseme sentensi moja ya kumwokoa, nikafunga mdomo.

Kabla ya uchaguzi wa 2007 nilikuwa na studio Eldoret, chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Kidato cha nne nilikimaliza kwa alama za kuaibisha, lakini nilikuwa nimetazama filamu za zamani za rangi nyeusi na nyeupe kwenye vibanda vya video mpaka nikadhani nimesoma. Unazijua. Mpelelezi ana kofia na koti refu, moshi unapanda, nusu ya uso iko gizani. Akili yangu ilibaki huko.

Wenzangu walipiga watu picha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Niliwadharau. Hata wateja niliwadharau. Mtu anakuja na suti yake ya kanisa, anaweka mikono magotini, ananyoosha shingo, na mimi naona gunia la mahindi limeketi.

Mimi nilitaka vivuli! Ukuta mmoja niliupaka rangi nyeusi. Nilikuwa na taa moja kali, ile ya kufungwa nje ya nyumba, nikaiweka kando ya kiti. Mbele ya taa niliinua kreti ya soda ili mistari ya kivuli imwangukie mtu usoni. Moshi ulitoka kwa dawa ya mbu niliyoiwasha chini ya kiti. Ndiyo, dawa ya mbu. Usanii wangu wote ulikuwa huo.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari, nilitundika koti refu la kijivu na kofia. Kila studio mjini ilikuwa na nguo za kuazima, tai iliyokwisha kufungwa na koti lenye jasho la watu mia. Unavaa, unapigwa picha, unavua, unaenda zako.

Tito alikuwa muuza maziwa kutoka Kesses. Aliyaleta mjini kila asubuhi kwa baiskeli, na nusu ya mtaa wetu ilikunywa chai kwa maziwa yake. Mwezi mmoja hivi kabla ya kura alipanda ngazi zangu akitaka picha ya kuweka kwenye kadi ya mchango wa harusi. Alikuwa anamwoa Jeni, mwalimu wa nasari, ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa na kufanya kazi Eldoret miaka yote.

"Fundi, nipige nikicheka," aliniambia. "Jeni anasema alipenda meno kwanza, mimi nikafuata."

Nikamwambia kucheka ni kwa watoto wa shule. Nikamvisha koti, nikaishusha kofia mpaka kwenye nyusi, nikamwambia afikirie mtu aliyemwibia ng'ombe. Alicheka mara mbili mpaka machozi yakamtoka. Mara ya tatu alikuwa amechoka, na hapo ndipo nilipompata. Jicho moja, mfupa wa shavu, moshi, mistari. Alionekana kama mtu aliyeua na akalala vizuri.

Alipoiona aliniuliza kwa upole huyo ni nani. Kisha akaomba ile ya kucheka. Nilimpiga upesi upesi bila hata kusogeza taa, nikampa, akaondoka ameridhika. Ile nyingine niliikuza, nikaiweka kwenye kioo cha maonyesho pale chini mlangoni. Sikumwomba ruhusa. Nani anamwomba ruhusa muuza maziwa?

Halafu kura ikapigwa, na mnajua kilichofuata. Mimi nililala chini ya kitanda siku tatu nikisikia harufu ya nyumba za watu zikiungua. Nilipotoka, mji ulikuwa na kuta zisizo na paa, na watu waliokuwa majirani zangu walikuwa kwenye mahema. Studio yangu haikuguswa. Hata kioo hakikupasuka.

Mambo yalipotulia kidogo, akaja madam mmoja kutoka Nairobi, anakusanya picha za maonyesho kuhusu ghasia zile. Akasimama mbele ya picha ya Tito pale kwenye kioo.

"Huyu ni mmoja wa waliochoma?" akauliza.

Ningesema ni muuza maziwa. Ilikuwa ni hilo tu! Badala yake nikavuta pumzi kama mtu mwenye siri nzito, nikasema, "Madam, kuna mambo sisi wa hapa hatuyasemi."

Takataka. Nilikuwa chini ya kitanda, sikuona chochote cha kusema wala cha kuficha. Lakini yule madam alinitazama kwa heshima ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitazama nayo, na nikaipenda. Akaichukua picha. Wiki chache baadaye ikatoka gazetini, na chini yake maneno kuhusu sura ya ghasia.

Kwenye mahema kulikuwa na mama aliyeona mumewe akikatwa na nyumba yake ikichomwa. Aliyeongoza kundi, alisema, alivaa koti refu na kofia. Alipoonyeshwa gazeti akaweka kidole. Ni huyu. Koti ni hili.

Simlaumu, hata kidogo. Eldoret kuna baridi, kila bawabu ana koti kama lile. Yeye aliona koti na moto. Uso nilimpa mimi.

Polisi walimchukua Tito, wakamhoji siku mbili, wakamwachilia kwa kukosa ushahidi. Mtaa haukumwachilia. Wengine waliapa kumkata. Wengine, waliofurahia ule moto, na hao ndio walimuumiza zaidi, walimpa mkono sokoni na kumwita kamanda. Babake Jeni, ambaye duka lake lilikuwa limechomwa, alisema hawezi kumpa binti yake mwanaume wa koti lile.

Ndipo Mama Tito akapanda ngazi zangu. Mara ya kwanza nilimwambia nina kazi nyingi. Mara ya pili nilijifungia ndani nikasikiliza akibisha. Mara ya tatu alinikuta nikifagia.

"Kijana wangu," alisema, "sikuombi kitu kikubwa. Twende kwa babake Jeni, halafu kwa yule mama wa hema. Useme tu koti ni la studio."

"Mama," nikamjibu, "nikisema koti ni langu, si wataniuliza mimi nilikuwa wapi?"

Alijifunga leso yake upya.

"Kwa hivyo wamuulize mtoto wangu," alisema, akashuka.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Nairobi kwenye maonyesho. Nilisimama kando ya picha nikila sambusa ndogo ndogo, watu wenye miwani mizuri wakiniuliza nilivyofikia kile kivuli. Hakuna aliyeuliza jina la mwenye uso. Nami sikulitaja. Niliwadharau kwa kudanganyika kirahisi hivyo, huku nikiwapa mkono mmoja mmoja.

Niliporudi Eldoret, Tito alikuwa ameondoka na hakuna aliyejua alikokwenda. Jeni na wazazi wake walikuwa wamerudi kwao. Nililichoma lile koti uani. Ndiyo, nililichoma, ili hata siku nikipata ujasiri nisiwe na la kuonyesha.

Tangu hapo sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili. Kitale, Lodwar, Kisumu, Meru. Kila nilipofika nilikaa na watu nikiwasimulia Eldoret ya zamani, makapi ya ngano yakipeperuka wakati wa mavuno, baridi ya asubuhi, kengele za baiskeli za maziwa. Walinihurumia. Mwenyewe nilijihurumia mpaka machozi. Mtu mzima, naulilia mji ambao mimi nilimfukuza mtu ndani yake!

Mwaka juzi nilikuwa Timboroa, nimesimama kando ya barabara nikichagua viazi. Muuzaji akasema, "Fundi." Ndevu zilikuwa na mvi, lakini meno yalikuwa yale yale ya Tito.

Nilianza kuomba msamaha pale pale, maneno yakinitoka kama mlevi. Alinyanyua mkono nikanyamaza. Aliniambia ana mke na watoto watatu, na kwamba watoto hawana picha yake hata moja, kwa sababu hataki kamera nyumbani mwake. Harusi yake ilifanyika bila mpiga picha. Halafu akafunga mfuko wangu wa viazi.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi najua sikuchoma kitu. Mama bado yuko Kesses. Kanisani anakaa benchi ya nyuma peke yake, miaka yote hii. Nenda uwaambie wakiwa wote wameketi."

Nikamwahidi. Nimekwenda mara mbili. Mara zote mbili nimefika getini, nimewasikia wakiimba, nikageuka. Sasa ninaandika hapa bila jina, na najua vizuri kwamba hii siyo kazi niliyotumwa.

Wewe mwenye simu na kamera, unayempanga mtu wa watu kwenye mwanga mpaka aonekane jambazi, kisha unasambaza, nisikilize. Wewe utafunga mlango uende kula. Yeye atatembea na ule uso sokoni, kanisani, kwa wakwe. Na kama umeshakosea, sema leo, kabla hujapata ufundi wa kujitetea. Mimi nina ufundi huo wa miaka mingi na haujanifikisha popote.

Mama Tito amezeeka sana. Jumapili hii nitakuwa Kesses tena. Kama unanifahamu na ukanikuta nimesimama pale getini, usinisalimie. Nisukume ndani.