Sura ya Nne

Kile kitabu kilinuka moshi. Bibi alikitunza kwenye dari ya jikoni, kimefungwa kwa kipande cha kanga ili mchwa wasikifikie, na kila alasiri nilipokifungua, harufu ya kuni za mkaratusi ilinipanda puani kabla sijaona herufi hata moja. Mpaka leo nikikaa karibu na moto wa kuni, mikono yangu inatafuta kurasa. Ndivyo ninavyoikumbuka imani ya nyumba yetu pale Kihesa, kwa pua kwanza: moshi, maharage yanayotokota, masweta yasiyokauka mwezi wa sita, na kile kitabu cha Neno ambacho karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alifanya kazi Makambako, nami nililelewa na bibi, mama yake mama, ambaye alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri na mtu asiyependa mchezo kabisa. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na vivuli tu, kwa hiyo kazi ya kumsomea ilikuwa yangu. Mimi nilikaa kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua maharage kwa vidole. Nikikosea neno alinirudisha nyuma bila kuinua kichwa. Wenzangu walitumwa maji na mkaa. Mimi nilikabidhiwa maneno ya Mungu, na kiburi hicho nilikipenda kuliko nilivyompenda Mungu mwenyewe. Nasema hivyo leo kwa aibu.

Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na pengo. Mjomba Festo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa amekwenda Uyole kupakia viazi kwenye malori. Huko akaoa binti wa Mwislamu muuza vitenge, akasilimu, akaitwa Idi. Habari ilifika kanisani kabla haijafika nyumbani. Bibi hakulia wala hakugombana na mtu. Alisema tu, "Mimi simjui Idi," akarudisha blanketi alilotumiwa na mjomba likiwa bado kwenye nailoni yake, na tangu siku ile jina la mjomba likawa halitajwi. Lakini aliendelea kusonga ugali wa kumtosha, halafu unabaki. Mimi nilimlilia chinichini. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kuniandikia majina ya mboga kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na bibi hakuwa amewahi kuyafuta yale maandishi kwa sababu hakuyaona.

Siku moja dereva wa lori la viazi alipita kutuambia kwamba mjomba amepata mtoto wa kike na amempa jina la bibi. Bibi yangu alikuwa Maria. Mtoto yule aliitwa Mariamu. Bibi alimsikiliza dereva mpaka mwisho, akampa chai, akamtakia safari njema. Dereva alipoondoka nilimwona bibi anapangusa macho kwa ncha ya kanga. Moshi ulikuwa mwingi jikoni, akapata cha kusingizia.

Kesho yake alasiri nilikuwa namsomea kitabu cha nabii mmoja mfupi, ambaye watu hawamsomi sana. Nilipofika mwisho wake sikunyamaza. Kwa sauti ileile ya kusoma nikaongeza: "Na mama asimfungie mwanawe mlango kwa ajili ya jina, asema Bwana, kwa kuwa majina yote yamo mkononi mwangu." Sikuwa nimepanga tangu mapema. Nilikuwa nimewasoma manabii mpaka ulimi wangu ukajua namna wanavyosema, na nilimtaka mjomba wangu. Vidole vya bibi vikasimama juu ya maharage.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hiyo ni sura ya ngapi?"

"Ya nne, bibi. Mstari wa tisa."

Nilipotazama ukurasa niligundua kosa langu. Nabii yule ana sura tatu tu, na chini ya ile ya tatu nabii mwingine alikuwa ameshaanza. Bibi aliniambia nifunge kitabu, akaendelea kuchambua maharage.

Baada ya siku tatu akatuma ujumbe kwa yule dereva. Jumamosi mjomba alishuka Ipogolo na mkewe na mtoto, wakapanda kilima kwa miguu. Bibi alimpokea mlangoni. Alimpapasa uso, mashavu, kofia, polepole, akamnong'oneza jambo sikioni, kisha akamwekea kisu mkononi na kumwonyesha jogoo. "Chinja wewe," alimwambia, "ili sote tule." Mjomba akamchinja. Tulikula sinia moja, na bibi alimpakata Mariamu mpaka mtoto akamlowesha. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, na nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Niliona kama kuna mtu amekaa kwenye kigoda changu, anajua nilichoongeza, ananitazama tu.

Jumatatu nilipoinua mkono darini kukishusha kitabu, bibi alisema, "Kiache, mwanangu. Atakuwa ananisomea Edina." Edina alikuwa binti wa jirani, tulikuwa darasa moja, na alisoma kwa kusuasua mpaka unachoka kumsubiri. Bibi hakunigombeza. Alinisuka, alinibakizia ukoko, alinifunika blanketi. Lakini kitabu kile hakukitia tena mikononi mwangu, mpaka alipofariki wakati wa masika. Kila alasiri nilikaa nje ya ukuta nikimsikiliza Edina anavyojikongoja, na nilichokuwa nasikia ndani ya sauti yake ni sauti yangu, inasoma ule mstari usiokuwapo.

Sasa naishi Mbeya na naandika vitabu vya hadithi. Nikiulizwa nilianzaje, nataja shule. Mwezi uliopita mjomba, ambaye ndevu zake zimekuwa nyeupe, alitukusanya Kihesa tumjengee bibi kaburi. Edina bado anaishi palepale, akatuletea chai, akanivuta kando.

"Unajua bibi yako aliwahi kuniita nimtafutie sura ya nne?" aliniambia. "Kabla mjomba wako hajaja. Nikamwambia bibi, huyu nabii anaishia ya tatu. Akaniambia nihesabu tena. Nikahesabu. Akasema, basi, usimwambie mtu, ukimwona yule dereva wa viazi mwite."

Kwa hiyo alijua. Alimfungulia mwanawe mlango akijua aliyesema ni mimi. Sijui kama alimsikia Mungu ndani ya uongo wa mtoto, au alikuwa amechoka kumkosa mwanawe na akashukuru kupata kisingizio, kama siku ile ya moshi. Sijui kama aliuona ule mstari kuwa zawadi. Ninachojua ni kwamba hakunikabidhi tena Neno. Siku hizi watu wananisoma na kunisifu, lakini hakuna kitu nilichoandika kilichowahi kusimamisha vidole vya mtu kama siku ile, na kila nikikaa kuandika naogopa kuwa yule wa kwenye kigoda bado yupo.

Mjomba aliniita kwenye kaburi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, akisubiri maneno ambayo bibi alimnong'oneza mjomba mlangoni na ambayo mjomba amewafundisha watoto wake wote. "Wewe ndiye msomi wetu," aliniambia. "Mtajie fundi ni sura ya ngapi."

"Aandike maneno tu," nikasema. "Sura aiache."

"Kwa nini?"

Nikamjibu kwamba jiwe ni dogo, halitatosha. Mjomba akainama, akalipapasa kwa kiganja kutoka ukingo huu mpaka ule, polepole, kama mama yake alivyompapasa uso. Nafasi ilikuwa tele. Akamwambia fundi aandike maneno tu.