Ozella na Wimbo Uliosubiri

Wifi yangu Ozella Tidmore akiimba hufumba macho. Ameyafumba hivyo tangu tuko wasichana kwenye kwaya ya kanisani, na nimemsema mpaka nimechoka. "We Ozella, siku moja utafumbua ukute tumeshaenda zetu." Anacheka tu. Sasa sikiliza yaliyompata.

Alikuwa mpishi wa shule ya sekondari hapa Hadley Creek, Alabama, miaka thelathini, kofia ya wavu kichwani, mikono imejaa makovu ya oveni. Siku moja, kabla ya mechi ya mpira wa kikapu ya wasichana, mwalimu aliyekuwa akiimba wimbo wa taifa alishikwa na homa. Mwalimu mkuu akaja mbio jikoni. "Nani kati yenu anaimba?" Wenzake wote wakamnyooshea Ozella miiko. Akatoka na aproni yake hivyo hivyo, akashika maiki, akaimba. Tangu siku ile, miaka ishirini na miwili, hakuna mechi ya nyumbani iliyoanza bila yeye, hata baada ya kustaafu.

Mimi, Earlene, ndiye niliyekuwa namtengeneza nywele kila siku ya mechi, saluni kwangu, kwa hiyo najua wimbo ule ulikuwa nini kwake. Mji wetu nusu ni wazungu, nusu ni sisi weusi, na tunapishana dukani kama watu wasiojuana. Lakini Ozella akivuta pumzi mbele ya maiki, wote waliinuka. Watu waliopokea sahani mkononi mwake mchana bila kumtazama usoni, jioni walisimama mkono kifuani wanamsikiliza. Halafu alikuwa akimwimbia Rufus, mumewe, kaka yangu, aliyepigana Vietnam, na alipofariki akazikwa kwa heshima za kijeshi. Bendera iliyofunika jeneza lake iko kabatini kwa Ozella, imekunjwa pembe tatu, na ole wako uiguse na mikono yenye mafuta.

Basi. Mwaka ule wachezaji wakubwa kwenye televisheni walikuwa wameanza kupiga goti wimbo wa taifa ukiimbwa, kwa ajili ya watu weusi wanaouawa na polisi. Kwetu yalikuwa mambo ya televisheni. Mpaka Oktoba, Quinton Boykin, kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa majokofu, aliposimamishwa na polisi kwa sababu taa moja ya nyuma ya gari lake haikuwaka. Walimpiga risasi akiwa bado amefunga mkanda. Askari aliyempiga akapewa likizo, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi kazini. Na mdogo wake Quinton, Tamyra, binti wa miaka kumi na saba, ndiye nahodha wa timu yetu ya wasichana.

Januari, mechi ya kwanza baada ya sikukuu, Ozella kafumba macho yake anaimba. Mstari wa kwanza tu, Tamyra akapiga goti. Wenzake saba wakamfuata. Watu wakaanza kuzomea. Mimi niko juu kule kwenye mabenchi, naona yote, na wifi yangu hana habari! Anasikia zomea zomea, anazidisha sauti. Alipomaliza wasichana walikuwa wameshasimama, naye akaondoka ameinamisha kichwa.

Asubuhi akaja saluni, macho yamevimba.

"Earlene, nimekwisha. Noti ya wimbo imenikatikia. Mji mzima umenizomea."

"Noti gani?"

"Ile ya juu! Usijifanye hukusikia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Najua, dhambi. Halafu nikamweleza kilichotokea. Nami nimeshika chanuo la moto hewani, nikaona sura inambadilika. Afadhali ningemwachia noti yake.

"Wamepiga goti kwenye wimbo wangu?" akasema. "Wimbo wa Rufus? Wale watoto nimewalisha mimi! Nimewaongezea mkate wa mahindi walimu wakigeuka. Wamekosa pengine pa kulilia? Rufus alikwenda vitani kwa ajili ya bendera ile, wao wanamtemea mate."

Nikaweka chanuo chini.

"Usimtie kaka yangu kwenye hili."

"Ni mume wangu."

"Alikuwa kaka yangu kabla hajakujua wewe! Unajua yaliyompata siku aliyorudi kutoka vitani? Hujui. Nyamaza nikwambie."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekwenda na baba kumpokea kituo cha basi. Rufus akashuka na magwanda yake ya jeshi, medali kifuani, anang'aa. Polisi wawili wakamuuliza nguo hizo kaiba wapi. Wakampigisha magoti kwenye kokoto, mikono kichwani, mbele ya abiria wote, wao wanavuta sigara wanapiga soga, mpaka walipochoka wenyewe. Baba alisimama pale ameshika kofia yake. Njiani Rufus akatuapisha tusimwambie mtu, na hasa yule msichana wa kwaya anayeitwa Ozella. Akaja kumuoa, akaishi naye miaka thelathini na mitatu, na siri yake akaenda nayo kaburini.

Ozella alikaa pale, nywele za upande mmoja zimenyooka na za upande wa pili bado. Hakulia.

"Ndiyo maana hakupanda basi tena maisha yake yote," akasema. "Na mimi nilikuwa namwambia ana maringo."

Kisha akaniomba nimalize nywele. Nilimaliza ule upande wa pili.

Alhamisi bodi ya shule ikatoa barua, ikabandikwa mji mzima, hata kwenye mlango wa saluni yangu bila ruhusa yangu. Mchezaji yeyote ambaye hatasimama kwa miguu miwili tangu neno la kwanza la wimbo wa taifa hadi neno la mwisho, anaondolewa kwenye timu papo hapo. Jumamosi saa nane mchana kulikuwa na mechi kubwa, na kocha wa chuo kimoja cha Atlanta alikuwa anakuja kumtazama Tamyra, kama anafaa kusomeshwa bure kwa ajili ya mpira. Kila mtu alijua. Mama yake anafagia hospitali mchana na kuosha vyombo hotelini jioni. Mpira ule ndio uliokuwa njia ya mtoto yule kwenda chuo, nyingine hakuwa nayo.

Ijumaa Tamyra akaja saluni kumtafuta Ozella. Mrefu, mikono haijui pa kukaa.

"Bi Ozella, nimekuja kuomba radhi," akasema. "Sikuwa nakudharau. Nilitafuta mahali ambapo watu wa mji huu wote wananyamaza kwa pamoja. Sikupata. Wananyamaza ukiimba wewe tu."

Ozella akageuza kiti kumkabili. "Na kesho?"

"Kesho napiga goti."

"Barua umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Na huyo kocha wa Atlanta?"

Akainua mabega. "Mama amelia usiku kucha. Anasema Quinton mwenyewe angekuwepo angenichapa. Lakini Bi Ozella, nikisimama kesho nitakuwa nimewaambia yamekwisha. Hayajakwisha. Yule askari juzi kampita mama dukani, kamsalimia."

Mimi siwezi kukaa kimya, nilivyoumbwa. "Mwanangu, cheza mpira wako, upate chuo. Ukifika huko piga magoti mpaka yachubuke."

"Earlene, funga domo lako," akasema Ozella.

Mtoto alipoondoka nilimpa Ozella ushauri wangu wote. Ugua. Sema koo limekukauka. Kama huwezi kudanganya, imba mbio mbio, uishe kabla hawajamwona vizuri. Hata hakunisikiliza. Alibandua ile barua mlangoni, akaisoma na kidole kinafuata mstari, akaikunja, akaitia mkobani. Nikajua kuna kitu, lakini kitu gani, sikukijua.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kocha wa Atlanta yuko safu ya tatu na daftari lake. Bwana Pruitt wa bodi ya shule kasimama pembeni ya uwanja, orodha ya wachezaji mkononi na kalamu tayari. Mtangazaji akatuomba tusimame, tukasimama. Ozella akaenda kwenye maiki na gauni lake la bluu. Na Tamyra akapiga goti. Wenzake nao wakashuka, mmoja mmoja, wote saba, kandokando ya mstari.

Ozella hakuimba.

Mwanzoni tulidhani maiki imekufa. Kisha mtu nyuma yangu akanong'ona, "Maskini, kasahau maneno." Bwana Pruitt akasogea.

"Bi Tidmore, anza."

"Nitaanza."

"Anza sasa."

Ozella akaisogelea maiki, na akaongea taratibu kama anayemwelekeza mtoto foleni ya chakula. "Bwana Pruitt, kanisani kwetu mtu akiwa amepiga magoti, kwaya haianzi. Inamngoja amalize. Barua yako nimeisoma. Inasema tangu neno la kwanza. Sasa hilo neno la kwanza ninalo mimi hapa."

Weee! Nilitaka kupiga vigelegele na nilitaka kujificha chini ya benchi, vyote kwa mpigo. Watu wakazomea. Lakini zomea ile haikufika mbali, maana hapakuwa na wimbo wa kuutetea. Mzee mmoja upande wa pili akaamua kuuanzisha mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza. Hakuna aliyemwitikia, akaishia neno la nne. Bwana Pruitt akaitazama karatasi yake, anajiuliza kama neno la kwanza la mzee huyo nalo linahesabika.

Kisha kikaja kimya. Sijui kilichukua muda gani, saa ya ubaoni ilikuwa imesimamishwa. Mtoto mchanga akalia mahali, akatulizwa. Nilimwona mama yake Quinton safu ya mbele, kasimama, mikono imening'inia, hana hata kitambaa cha kufutia machozi, anayaacha yashuke. Hapakuwa na pa kukimbilia kwa macho wala masikio. Weusi kwa wazungu, tulibaki na Quinton mle ndani, kila mtu na lake. Nilimkumbuka akiwa mdogo, nilikuwa namnyoa, alikuwa na kisogo kibishi.

Tamyra akaweka kiganja sakafuni, akainuka. Wenzake wakainuka. Wakaweka mikono vifuani. Ndipo Ozella akaimba, macho wazi, neno la kwanza hadi la mwisho, na wasichana wote wanane kwenye miguu yao miwili. Bwana Pruitt hakuandika kitu.

Siwezi kukuelezea mpira aliocheza mtoto yule. Tulishinda, na kocha wa Atlanta akashuka kumpa mkono mama yake, wakaongea kwa muda mrefu.

Jumatatu simu ikalia kwa Ozella, nami niko naye mezani tunakula kunde. Bodi inamshukuru sana kwa miaka yake ishirini na miwili. Kuanzia sasa wimbo utapigwa kwa mashine. Na barua nayo imeandikwa upya: wachezaji watasimama tangu wanapoingia uwanjani. Ozella alisema ahsante, akarudisha simu mahali pake, akaangua kilio ambacho hata msibani kwa Rufus sikukisikia.

"Naupenda ule wimbo, Earlene," akasema. "Watu watadhani siupendi. Naupenda kweli."

Nilimsukumia kitambaa, nikajilaumu kwa kumwambia habari za kituo cha basi, na hapo hapo nikafurahi kwamba nilimwambia.

Jumanne kulikuwa na mechi nyingine. Nikamwambia tukae nyumbani. Akasema, "Kaa wewe." Basi tukaenda. Kwa mara ya kwanza alikaa mabenchi pamoja nami, na watu hawakujua wamsalimie au watazame pembeni. Mtangazaji akatuomba tusimame. Mashine ikaanza kuimba, sauti ya mwanamke fulani tusiyemjua, nzuri, haina kasoro. Tamyra akainua uso akatutafuta, na macho yake yalikuwa yanauliza. Ozella akamtikisia kidole: simama, mtoto, ucheze.

Halafu akanipa mkoba wake, akashika benchi la mbele, akashuka chini, goti moja, kisha la pili. Barua mpya ilisema wachezaji. Haikusema wapishi waliostaafu.

Ningependa kukwambia nilishuka naye pale pale. Sikushuka. Nilikuwa nimemwona kaka yangu amepigishwa magoti, na nilijiapia toka utotoni kwamba mimi hakuna atakayeniona hivyo. Nilisimama, mikoba miwili mkononi, naona aibu mbele ya mji mzima, na sikujua kama namwonea aibu yeye au najionea mwenyewe.

Wimbo ukaisha. Watu wakakaa. Ozella akabaki chini.

"Wifi, inuka," nikamnong'oneza. "Wameshamaliza. Wanatungoja."

"Mimi sijamaliza," akasema, bila kunitazama. "Wewe kama umechoka kusimama, hapa kuna nafasi."

Refa alikuwa katikati ya uwanja, mpira kwapani, anatutazama. Nikaweka mikoba kwenye benchi, nikashuka.