Mpini Niliomchagulia Kaka

Karatasi ya kuagizia raketi za pingpong ilifika Kabambare ndani ya mfuko wa barua za serikali, asubuhi ya siku ya soko, na mimi ndiye niliyeifungua. Nilikuwa karani katika ofisi ya teritwari, yaani wilaya. Jioni nilikuwa sekretari wa serkle, nyumba ndogo ya matofali walimokutana makarani, waalimu na wauguzi, sisi tuliosoma kidogo na kuvaa viatu siku zote za juma. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho.

Kwenye karatasi ile ilichorwa mipini mitatu, na kando ya kila mmoja kulikuwa na kijisanduku cha kutia alama. Wa kwanza ulikuwa umenyooka kama mpini wa jembe. Wa pili ulipanuka chini kama kengele ya kanisa, ili mkono wa mchezaji usiteleze. Wa tatu ulikuwa mfupi na mwembamba, wa kushikwa kwa vidole vitatu, namna mtu anavyoshika kalamu. Nilipouona huo wa tatu nilicheka peke yangu ofisini. Nilidhani kuna mtu huko Ulaya aliyemwona kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa seremala. Tulizaliwa Kasongo, baba mmoja mama mmoja, katika nyumba ya Waislamu iliyokuwa pale tangu babu zetu walipokuja na misafara. Baba alitaka mtoto mmoja asome kwa mapadri, kwa kuwa hapakuwa na shule nyingine ya kumtoa mtu karani, na shule ile ilitaka ubatizo. Kaka alikuwa mkubwa, na akili yake ilikuwa kali kuliko yangu. Baba alipotuita wote wawili, kaka ndiye aliyetangulia kusema: “Aende mudogo.” Nikaenda. Nilibatizwa, nikajifunza Kifaransa, nikajifunza kupiga mashine ya kuandikia. Yeye alikwenda kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba.

Huko, mashine ya kukandamiza marobota ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha pete na kile cha mwisho. Hakupenda kuonewa huruma. Mtu akimwuliza, alijibu, “Wanasema aliyeshika mupini hakatiki. Mimi niliushika.” Kisha aliendelea na kazi yake. Alikuwa amejifunza useremala kwa mkono huohuo wa vidole vitatu, na nilipohamishiwa Kabambare alinifuata na mke wake, akafungua karakana nyuma ya soko.

Meza ya pingpong ya serkle aliitengeneza yeye. Aliipiga randa siku nne, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupakwa madirisha ya administrata, Mbelgiji mkuu wa teritwari. Raketi zetu za kwanza alizikata kwenye mbao za masanduku ya sabuni, akazivika mpira wa ndani wa gurudumu la baisikeli. Kwa sheria za serkle hakuwa na haki ya kuingia, maana hakuwa amesoma. Lakini nani angemfukuza mtu mwenye meza? Alianza kwa kutujaribia meza kama iko sawa. Mwaka ulipokwisha hakukuwa na mtu wa kumshinda.

Raketi yake mwenyewe aliikata mpini ukabaki mfupi kama kidole gumba. Aliishika kichwa chini, gumba na kidole cha shahada vikiukumbatia mpini pale unapoingia kwenye ubao, kidole cha kati kikiutegemeza ubao kwa nyuma. Sijui alijifunza wapi. Nadhani alitafuta tu namna ya kushika kitu kwa vidole alivyobakiwa navyo, akapata namna iliyo bora kuliko yetu. Mpira ulitoka kwake bila kelele, ukagusa meza, ukakimbilia mahali ambapo wewe hukuwapo.

Siku ile ya karatasi alipita ofisini alasiri, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Nilimwonyesha michoro. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole cha kati juu ya ule wa tatu.

“Huu iko wangu,” alisema.

“Nimeona.”

“Kama huu haupatikani, wa kunyooka haina shida, nitauchonga. Lakini huu wa kengele, hapana. Utanigonga hapa.” Alinionyesha pale vidole vilipokatikia, kovu laini lisilopenda kuguswa. “Utaandika, mudogo yangu?”

“Nitaandika, kaka.”

Nilisema hivyo, na siku ile nilikusudia hivyo.

Mshauri wa serkle alikuwa Mbelgiji mmoja, bwana shamba wa serikali, mtu mchangamfu aliyekuja mara kwa mara kututazama tukicheza. Siku mbili baadaye alisimama nami mlangoni, kaka akiwa mezani anamtoa jasho mwalimu mmoja. Tulikuwa tumealikwa kwenda Kasongo kushindana na serkle ya huko, mbele ya wakubwa.

“Kaka yako anacheza vizuri,” alisema. “Lakini anashika raketi kama mtu anayekula bugali. Kasongo watacheka. Wewe, karani, ungepaswa kumfundisha.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema, akawasha sigara yake, akaenda zake. Lakini mimi wakati ule nilikuwa nimeomba kadi ya sifa, ile kadi iliyompandisha mtu mweusi ngazi moja juu ya wenzake. Kuipata kulihitaji watu wakubwa waje nyumbani kwako, watazame kama mke wako anakula nawe mezani, kama kuna uma na kisu, kama vitanda vina mashuka. Bwana shamba alikuwa mmoja wa watakaoulizwa habari zangu. Maneno yake yalikaa nami. Nilianza kumwona kaka kwa macho ya watu wa Kasongo: kanzu yake yenye gundi, kofia yake, mkono wake. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote niliyofanya baadaye, kwamba nilikubali kuazimwa macho ya kumtazamia ndugu yangu.

Nilijaza karatasi kwa mwandiko wangu mzuri wa mapadri. Raketi sita, zote za mpini wa kengele. Nilijiambia kwamba akiupata atajifunza kushika kama watu wengine. Nilitia sahihi, nikapiga muhuri.

Mzigo ulichukua miezi kufika. Ulipofika, kaka mwenyewe ndiye aliyekuja na patasi kufungua sanduku. Alitoa raketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya sita akatazama tena ndani ya sanduku, akainua yale majani makavu ya kufungia, akayarudisha.

“Kumbe mifupi imewaishia?” aliuliza.

Sikuwa nimejiandaa. Angenigombeza ningejua la kusema. Yeye alikuwa amekwisha kunipatia udhuru.

“Imewaishia,” nilisema.

“Na ya kunyooka?”

“Hata ya kunyooka.”

Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akiwaonea huruma watu wa duka la mbali. Kisha akachukua moja, akaipima mkononi, akaniambia kwamba kwa msumeno mdogo na tupa angeurekebisha mpini ule kabla ya magharibi. Nilimkataza. Nilimwambia kwamba raketi zimeandikwa kwenye daftari la mali, zina namba, na sahihi ni yangu, na mtu akizikagua na kukuta moja imekatwa nitaulizwa mimi. Na kwa mchezo wa Kasongo, nikamwambia, mshauri anataka wote tutumie raketi za aina moja.

“Kama sahihi ni yako, basi,” alisema, akairudisha sandukuni taratibu.

Kwa majuma yaliyobaki alifanya mazoezi nayo. Nilimwona akifunga kitambaa kwenye kovu. Nilimwona akijaribu kushika kama sisi, kwa kiganja kizima, na raketi ikizunguka mkononi kwa sababu hapakuwa na vidole vya kuizuia. Alikuwa anashindwa na watu aliokuwa akiwafundisha. Hakulalamika. Mara moja tu aliniuliza kama watu wa duka lile huwa wanaleta tena, nami nikasema nitawaandikia.

Tulikwenda Kasongo juu ya lori la pamba, watano tumekaa kwenye magunia. Karibu na Wamaza lori lilizama kwenye matope, tukashuka kulisukuma, na kaka ndiye aliyekata miti ya kutandika chini ya magurudumu huku akiwachekesha wote. Nakumbuka nilifurahi. Nilifikiri: mambo yatakwenda vizuri, hakuna lililoharibika.

Kabla ya mchezo tulipewa soda kwenye baraza ya serkle ya Kasongo. Bwana shamba, aliyetangulia kwa gari lake, alimwonyesha administrata wa pale raketi zetu, kisha akazungumza kwa Kiswahili ili nasi tusikie sifa zetu.

“Ni karani wetu aliyechagua,” alisema. “Niliiona karatasi waliyomletea, ina mipini ya namna tatu, hata mifupi ya ajabuajabu. Yeye akasema hapana, zote ziwe za namna hii. Mtu mwenye akili.”

Kaka alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, chupa mkononi. Hakugeuka haraka. Alimaliza soda yake, akaiweka chupa chini kwa uangalifu, ndipo akanitazama. Hakukuwa na hasira katika uso wake. Alikuwa kama mtu anayehesabu ubao aliokwisha kuukata, akaona alikosea kipimo tangu mwanzo.

“Wewe ndiye uliyeandika,” alisema kwa sauti ya chini, na halikuwa swali.

“Kaka, sikia…”

“Wanatuita.”

Alicheza na mwalimu mmoja kijana wa Kasongo. Seti ya kwanza alishindwa vibaya. Katika ya pili alijaribu kuigeuza raketi kichwa chini kama alivyozoea, lakini ile kengele ilimzuia, ikawa inamsukuma kwenye kovu kila akipiga. Mpira mmoja ulikuja juu, wa kumalizia, mpira ambao angeupiga akiwa amefumba macho. Aliinua mkono, na raketi ikamtoka. Iliruka ikaangukia meza ya wageni, glasi moja ikavunjika, na baraza yote ikacheka. Hata watu wetu walicheka. Nadhani hata mimi nilitabasamu, kwa aibu, kama mtu anayetaka wakubwa waone kwamba na yeye ameelewa kichekesho.

Aliifuata raketi, akaiokota, akaifuta kwa pindo la kanzu yake. Akampa mkono yule mwalimu. “Umecheza vizuri, mwalimu,” alimwambia. Kisha akaja akaniwekea raketi mapajani, akatoka.

Mimi nilicheza wa mwisho, nikashinda, na kwa ushindi huo Kabambare ikaishinda Kasongo kwa mchezo mmoja. Nilipewa mkono na administrata. Lori lilipoondoka kesho yake kaka hakuwemo. Alikuwa amebaki kwa shangazi yetu, alisema anataka kumtengenezea kitanda.

Alirudi Kabambare baada ya siku chache. Kulikuwa na mlango wa nyumba yangu aliokuwa ameuanza, akaja akaumalizia, akauning'iniza, akaufungua na kuufunga mara kadhaa hata ukaacha kulia. Watu wa kadi walipokuja kukagua nyumba walipitia mlango huo. Kadi niliipata. Yeye alikuwa amekwisha kuhamia Lusangi na mke wake, kwa sababu, alisema, kwenye machimbo ya huko wanahitaji seremala. Hakuna mtu aliyeniambia tena kwamba alionekana akicheza pingpong.

Hatukugombana. Hilo ndilo watu hawalielewi nikiwasimulia. Alinitumia kuku wakati wa sikukuu yetu ya Noeli, nami nilimtumia sukari wakati wa Idi. Mke wangu alipojifungua, mke wake alitembea siku mbili kuja kumsaidia. Kila kitu kilikwenda kama ndugu wanavyokwenda, isipokuwa kwamba hakuniomba tena nimwandikie chochote. Barua zake aliandikiwa na karani wa machimbo.

Mara moja nilikwenda Lusangi kwa baisikeli ya ofisi. Nilikuwa nimeamua. Njiani niliyapanga maneno: kwamba niliona aibu, kwamba nilimdanganya kuhusu duka, kwamba yeye alinipisha shuleni nami nikashindwa kumpisha kwenye kijisanduku kimoja cha karatasi. Nilimkuta anapiga randa mbao za jeneza la mchimbaji mmoja. Alifurahi kuniona. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaniuliza habari za watoto mmojammoja. Kila nilipotaka kuanza, alikuwa anacheka jambo lingine, na kicheko chake kilikuwa kilekile cha zamani, nikaogopa kukizima.

Alinisindikiza. Kutoka kwake mpaka barabara kubwa kulikuwa na mwendo wa karibu saa nzima, tukiwa wawili tu, yeye akiniongozea baisikeli kwa mkono wa kushoto. Muda huo wote ulitosha kusema neno moja. Tulizungumza juu ya mchwa. Walikuwa wameingia kwenye nguzo za nyumba yake, na alinieleza kwa kirefu ni mti gani wanaula na ni mti gani wanauacha. Nami niliuliza maswali, mengi, kama mtu anayetaka kujenga.

Alikufa katika masika yaliyofuata, kwa homa ya siku tano. Habari ilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa.